Vitabu Tusomavyo Nyumbani: Rehani Isiyo Mali



Kama ilivyo ada ya ukurasa huu, nawaeleza vitabu vilivyosomwa nyumbani mwetu hapa Mbulu tangu tulipoagana, vilivyokwisha na vilivyo njiani, ili kila mwenye nyumba apime mwenyewe kama vyawafaa watu wake. Mwezi huu ni vitatu tu. Mtaviona vichache, lakini kimoja kati yake kilituchukua usiku 22, na katika hizo siku usiku mmoja hatukusoma hata ukurasa. Usiku huo ndio ulionifanya niandike kwa urefu kuliko desturi yangu.

Kwa walio wageni, sisi husoma baina ya Magharibi na Isha, watu wakiwa wamekwisha kuswali, jiko la mkaa likiwa katikati, kwani baridi ya Mbulu mwezi wa Julai haimwachi mtu akae chumbani peke yake na kitabu. Msomaji huwa mmoja, wengine husikiliza. Zamu nyingi alizishika binti yangu mkubwa, aliye kidato cha tatu, maana sauti yake haichoki, wala haruki mistari kama nifanyavyo mimi nionapo Isha imekaribia. Wasikilizaji ni mke wangu, watoto wetu wawili wadogo, mama mkwe wangu, na watoto wa majirani ambao huja kwa ajili ya moto wakabaki kwa ajili ya hadithi.

Huyu mama mkwe ni Mrangi wa Kondoa. Alisomeshwa chuoni tangu utoto, naye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, upesi na kwa mwandiko ambao mimi niitwaye mwalimu sina. Hesabu zake zote za mahindi na michango ya maziko zimo katika daftari moja alilolifunga kwa kitambaa. Mwandikishaji mmoja alipopita kumwuliza kama ajua kusoma, alijibu kuwa hajui, kwa sababu alifahamu kuwa yule kijana anauliza habari za herufi za Kizungu tu. Naye kijana akaandika hivyo akaenda zake. Nalieleza jambo hili hapa kwa kuwa daftari lile litarudi katika habari yetu.

Kitabu cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Aliyekitia katika Kiswahili ni Bibi Ida Hadjivayanis, nacho kilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Tazameni basi: kwa miaka 28 kitabu chenye habari za pwani yetu na bara yetu kilizunguka duniani kikisifiwa na wageni, ndipo kikarudi kwa lugha ya watu wake. Ndugu yangu mdogo alikinunua Dar es Salaam akatuletea kwa basi.

Ni hadithi ya mtoto aitwaye Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, katika zama za utawala wa Wajerumani kabla ya vita vya 1914. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, mahali ipitapo reli. Mara kwa mara huja tajiri mmoja wa misafara, jina lake Aziz, mtu nadhifu, mpole wa maneno, anukiaye manukato. Naye kila aondokapo humpa mtoto sarafu. Mtoto ameambiwa kuwa huyo ni ami yake, naye humpenda kwa ajili hiyo. Siku moja Yusuf huambiwa kuwa atafuatana na ami yake safarini, akapanda naye gari la moshi, wala asielezwe jambo jingine. Huko pwani, katika duka la Aziz, hukutana na kijana aitwaye Khalil, na huyo ndiye amwambiaye ukweli: Aziz si ami yako, baba yako anadaiwa, nawe umetolewa kwa ajili ya deni. Khalil mwenyewe naye yumo dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Sitawaeleza yaliyobaki, kwani nitakuwa nimewaibia. Nitataja mambo mawili tu. La kwanza, Yusuf alipowekwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa bara, mwezi wa Ramadhani ukaingia, ikadhihirika kuwa kijana yule mkubwa hajui kuisoma Qurani, kwa kuwa tangu atolewe kwao hakuna aliyejali kumsomesha. Akapelekwa chuoni kukaa pamoja na watoto wadogo. Mama mkwe wangu aliomba sehemu hiyo isomwe mara mbili. La pili ni la kuchekesha: yumo fundi mmoja wa Kisingasinga ajigambaye kuwa atatafsiri Qurani kwa Kiswahili, naye hata Kiarabu hakijui, atategemea Kiingereza. Watoto walicheka sana. Lakini mambo ya kweli hayakuwa mbali na mzaha huo, maana tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa kazi ya padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, aliyekuwa mmisionari wa Unguja.

Msomaji mmoja wa Dongobesh ameniandikia kuwa hadithi za kubuni hupoteza wakati wa Mwislamu, na kwamba ukurasa huu ungetosheka na vitabu vya dini. Namheshimu ndugu huyo, wala simlaumu, kwani ziko hadithi nyingi zisizostahili hata bei ya karatasi yake. Lakini hadithi ya mtoto auzwaye na watu wake wa karibu si ngeni kwetu. Sura ya Yusuf imetujia kwa habari hiyo ya haki, nasi huisoma kila mwaka. Kwa dhana yangu mwandishi hakumpa mtoto yule jina hilo kwa bahati. Hata hivyo nakiri kuwa Peponi si kitabu cha kumwachia mtoto mdogo peke yake. Mna maneno machafu ya wapagazi na mna mambo ya aibu watendayo watu wazima. Nyumbani kwetu mke wangu alitangulia kukisoma mchana, akatia uzi mwekundu pale pasipofaa kusomwa mbele ya watoto, na usiku binti aliruka kutoka uzi hadi uzi. Sina hakika kama hakuyarudia peke yake baadaye, nami sikumwuliza.

Sasa nije kwenye usiku ule.

Miongoni mwa watoto wa majirani alikuwamo msichana wa miaka 13, mwanafunzi wa darasa la saba, mtoto msikivu asiyesema sana. Binti yangu alipofika pale Khalil amwambiapo Yusuf kuwa tajiri si ami yake, msichana yule aliuliza, "Kwani mama yake hakumwambia?" Binti akajibu kuwa kitabu hakisemi hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama mkwe wangu, akasema, "Bibi, hata mimi naambiwa nakwenda kwa shangazi, Dar es Salaam. Lakini baba hana dada huko."

Binti alifunga kitabu. Mke wangu akawatuma wadogo wakalale. Kwa maswali machache ya upole tukajua habari yote, nayo ni habari ambayo wengi wenu mtaitambua. Baba yake hulima vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu yetu inajulikana kwalo. Mwaka uliotangulia alichukua mbegu na mbolea kwa mkopo katika duka moja la mjini. Bei ikaanguka wakati wa kuvuna, akabaki na deni la shilingi 650,000. Mwenye duka ana jamaa Dar es Salaam atakaye msichana wa kazi. Shauri likawa kwamba msichana aende, na mshahara wake wa miaka miwili apewe mwenye duka. Mtoto akaambiwa anakwenda kwa shangazi.

Si siri kwamba wasichana kutoka Mbulu na Hanang hutafutwa kwa kazi za nyumbani huko Arusha na Dar es Salaam. Husifiwa kuwa ni wapole na waaminifu, na mara nyingi sifa hiyo maana yake ni kuwa hawadai. Wako wanaotendewa wema na waajiri wao, nao hurudi wakiwa na mtaji, sitawakana hao. Lakini mtoto wa miaka 13 si wa kuajiriwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomzuilia masomo. Ada nazo zimefutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, hata baba hawezi kusema kuwa ada ndiyo iliyomtoa mtoto shuleni.

Baada ya Isha nilishusha kutoka rafuni kitabu chetu cha pili, nacho ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Kitabu hiki hatukimalizi kamwe, twakizunguka. Ikasadifu kuwa mwezi huu tulikuwa katika mwisho wa Suratul Baqara, nami nilikuwa nimeipita aya ya deni juma moja kabla, nikiisoma kama mtu asomaye jambo la wafanyabiashara. Usiku ule niliisoma tena kwa makini kutoka aya ya 280 hadi 283. Mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Deni liandikwe, dogo au kubwa, na anayedaiwa ndiye atamkaye maneno ya kuandikwa, mbele ya mashahidi. Na mkiwa safarini msipate mwandishi, hapo ndipo itajwapo rehani.

Nilikaa sana juu ya neno hilo. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa rehani ni kitu kinachofaa kuuzwa, ili kama deni halikulipwa mwenye haki ajilipe kwacho. Mtu huru hauziki, kwa hiyo hawekwi rehani. Na katika Hadithi Kudsi iliyopokewa na Bukhari kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na yumo aliyemwajiri mtu akaitimiza kazi asimpe ujira wake. Nilijiuliza, mshahara wa miaka miwili uliokwisha kuliwa kabla msichana hajashika fagio uko upande gani wa maneno hayo.

Asubuhi nilimwendea baba yake. Sikwenda na kitabu, wala sikwenda kumhubiria; mtu mwenye deni amekwisha kuhubiriwa na deni lake. Tulizungumza habari za mvua kwanza. Kisha akasema mwenyewe, "Mwalimu, najua lililokuleta. Mtoto amekwisha kuniambia mliyoyasoma." Akanyamaza. "Mimi karatasi ile niliitia kidole. Sikujua imeandikwa nini. Nilisomewa."

Hapo nilipata kujua jambo ambalo sikuwa nalijua kwa miaka yote ya ujirani wetu. Mtu yule hakuwahi kwenda shule ya serikali. Alisoma chuoni tu, upande wa Kondoa, naye hujua kusoma herufi za Kiarabu na Kiswahili kilichoandikwa kwazo, lakini karatasi ya duka iliandikwa kwa herufi nyingine, naye akaona haya kusema. Nilipomsimulia mama mkwe alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. Akauliza, mtu atatamka vipi asichoweza kukisoma?

Sitawachosha kwa safari za dukani, ambazo zilikuwa nne. Mwenye duka si mtu mwovu. Husimama nasi safu moja, naye alikuwa na madeni yake kwa wale wamleteao mbolea. Mara mbili za kwanza hakutaka kusikia. Mara ya tatu tulikwenda na mzee mmoja wa msikitini, na huyo hakusema neno ila kumwuliza kama angeridhika binti yake mwenyewe aende kwa masharti yale. Mara ya nne karatasi ya zamani ikachanwa. Ya sasa yasema deni litalipwa kwa mafungu mawili, nusu katika mavuno yajayo ya saumu na nusu katika yatakayofuata, bila nyongeza, wala haimtaji mtoto popote. Iliandikwa nakala mbili: moja kwa mwandiko wangu, na moja mama mkwe aliiandika kwa herufi za Kiarabu, mdaiwa akitamka na yeye akiandika, akaikata kutoka katika lile daftari lake. Jirani yetu aliisoma yote kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Mwenye duka aliniuliza pembeni kama maandishi yale ni halali. Nikamwambia yaliyomo ni yale yale, na mashahidi ni wale wale.

Msichana yupo. Jioni huja kama kawaida, na tulipokianza tena kitabu alitaka tuanzie pale pale tulipokatia. Lakini yuko dada yake mkubwa, aliyepelekwa Dar es Salaam mwaka 2022 kwa njia kama hiyo, kwa "shangazi" mwingine. Miezi mingi sasa simu yake haipokelewi. Baba yake nami tumekwisha kutoa habari kwa wahusika wa ustawi wa jamii, na hadi naandika haya hatujapata jibu. Kwa hiyo msidhani kuwa nawaletea habari iliyokwisha vizuri. Kama yupo msomaji wa ukurasa huu huko Dar es Salaam aliye na msichana wa kwetu nyumbani mwake, namwomba leo hii ampe simu azungumze na mama yake, naye atoke chumbani wakati wanazungumza.

Kitabu cha tatu ni Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kilichokusanywa na W. D. Kamera na kutoka mwaka 1978. Ni kitabu cha zamani, si rahisi kukipata, na nakala yetu haina jalada. Tulikichukua tulipomaliza Peponi, kwa kuwa vichwa vilikuwa vimechoka, nacho husomeka hadithi moja moja, hata dakika kumi zatosha. Watoto wetu waliozaliwa katika nchi ya Wairaqw na kusikia Kiiraqw kila siku sokoni hawakuwa wakijua hadithi hata moja ya majirani wao, na hilo ni kosa letu wazazi. Tulimwalika bibi mmoja Mwiraqw wa nyumba ya tatu, ambaye si Mwislamu, aje asikilize. Alikuja usiku wa kwanza kwa heshima tu. Usiku wa pili akaanza kumkatiza binti: kwao haisimuliwi hivyo, mwisho wake ni mwingine, na huyo mnyama hasemi kwa sauti hiyo. Usiku wa tatu hatukukifungua kitabu kabisa, alisimulia yeye, na binti yangu akawa anaandika. Daftari lake limefika ukurasa wa 19. Nimemshauri aandike na jina la msimulizi juu, kama huyo bibi atapenda, amesema atafikiri.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni la aibu yangu. Ile nakala ya Sheikh Farsy niliyoitaja si yangu. Ni ya dada yangu wa Katesh. Nilimwazima mwanzoni mwa mwaka 2023 kwa ahadi ya mwezi mmoja, nikaikawiza, kisha nikaikawiza tena. Tarehe 3 Desemba ya mwaka huo, kama mjuavyo, upande wa Mlima Hanang uliporomoka kwa mvua, tope na mawe yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Dada yangu na watoto wake walisalimika, lakini sanduku la vitabu alilorithi kwa mumewe lilikwenda pamoja na chumba chake. Katika vitabu vyake vyote kimebaki hicho kimoja, kwa sababu kilikuwa rafuni kwangu. Nilipata kumwambia kwa mzaha kuwa ukawizaji wangu ndio uliokiokoa. Akanijibu kuwa amelisikia hilo, na kwamba bado anakitaka kitabu chake.

Basi Jumatatu, Inshallah, kitapanda basi la Babati kwenda Katesh, kimefungwa pamoja na Peponi ili naye asome. Uzi mwekundu nimeuacha humo ndani, maana ana vijana wawili. Wale walioniandikia kutaka kuazima Peponi wasubiri arudishe, nami nawaonya kuwa katika ukoo wetu kurudisha vitabu huchukua muda.